Wiki tatu kwenye benchi la nyuma la darasa la kwaya

Mwisho wa mwezi wa tisa niliitwa kwenye shule moja ya sekondari hapa Tabora mjini kupima sare za kwaya. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu ndogo karibu na soko kuu, na sare za kwaya ndizo zinazonilipia kodi. Nilifika mapema, nikaambiwa nisubiri kipindi kiishe. Nikakaa varandani na tepu shingoni, watoto ndani wanaimba wimbo wa sauti nne: soprano na alto za juu, tenori na besi za chini. Katikati ya mstari wote wakanyamaza. Nikadhani mkuu wa shule ameingia. Mguu wangu ulikuwa bado unahesabu mapigo, moja, mbili, tatu, mpaka nane, na kwenye pigo la tisa wakaingia tena wote kwa pamoja, sauti zote nne, pale pale ambapo wimbo ungekuwa umefika kama wasingekatisha. Hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake wala chini. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo hata kinanda hakikuwepo cha kuwashikilia.

Nimefundisha kwaya ya kigango chetu Ipuli kwa miaka 16. Nilijua nilichokisikia ni kitu gani, na nilijua kwaya yangu haiwezi kukifanya. Nilipomaliza kupima nilimfuata mwalimu wao, nikamwomba ruhusa ya kuja kuangalia anavyofundisha. Ni kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akaniamkia, akaniambia, "Karibu mama. Benchi la nyuma ni la wageni. Masharti ni mawili: ufike kabla ya kengele, na usiimbe." Kumbe walimu kadhaa wa kwaya za makanisa wameshapita kwenye benchi hilo, na hakuna anayelipishwa. Gharama yangu ilikuwa daftari, kalamu na bodaboda. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaofundisha kwaya, wa kanisani na wa shuleni, wanaojiuliza kama inafaa kufunga kazi alasiri mbili kwa wiki kwenda kukaa kimya nyuma ya watoto.

Niseme kwanza mimi nimefundishaje miaka yote hii, ili msomaji apime. Kwaya niliirithi kwa marehemu baba, aliyekuwa fundi wa reli mwenye sikio kali sana. Yeye aliimba mstari, watu wakaurudia, na mimi nikafanya hivyo hivyo. Naimba soprano, wanashika. Naimba alto, wanashika. Tenori na besi nawaimbia kwa sauti yangu ya kike, wao wanaishusha chini wenyewe. Wimbo mmoja wa sauti nne ulituchukua wiki tano. Mwaka juzi nilikwenda Urambo msibani, nikakaa siku 12, niliporudi besi walikuwa wameshapoteza beti nzima. Niliwagombeza. Sasa najua kosa halikuwa lao.

Darasa ni Jumanne na Alhamisi, saa 9:00 alasiri mpaka 10:20, yaani vipindi viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa. Muziki pale si somo la mtihani, ni klabu, kama ilivyo kwenye shule nyingi, kwa kuwa shule zinazofundisha Muziki mpaka mtihani wa taifa ni chache sana. Nilihudhuria mara sita, katika Oktoba ya joto, kidato cha nne wakiwa hawapo kwa sababu ya maandalizi ya mtihani wa Novemba. Wanakwaya waliobaki ni 61, kwenye chumba kilichojengwa kwa watu 40.

Mwalimu ana chuma kidogo chenye meno mawili kama uma. Anakigonga kwenye goti, anakiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio. Chuma hicho kinatoa nota moja tu, mitetemo 440 kwa sekunde, haibadiliki kwa hali ya moyo wa mwalimu. Siku ya kwanza nilidhani atawapa do, nota ya kuanzia, kama ninavyowapa mimi. Hakuwapa. Alisema, "Leo chuma hiki ni la. Do iko wapi?" Watoto wakashuka kimoyomoyo, la, so, fa, mi, re, do, midomo inacheza bila sauti, kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza kuguna do ile ile. Alhamisi akaja na chuma kile kile akasema, "Leo hiki ni mi." Do ya siku hiyo ikawa mahali pengine kabisa, na wakaitafuta tena wenyewe. Kwa njia hiyo mtoto anajifunza kwamba do haina makazi ya kudumu. Inahama, na nyumba nzima inahama nayo.

Kwenye ukuta wa mbele amechora ngazi. Wengi wetu tumeiona ngazi ya solfa, yaani ya do, re, mi, kwenye vitabu, lakini ya kwake ina kitu ambacho mimi sikuwahi kuambiwa. Vidato vyake havilingani. Kati ya do na re kuna sentimita 20, re na mi 20, lakini mi na fa ni 10 tu. Kisha 20, 20, 20, na kati ya ti na do ya juu tena 10. Mimi kazi yangu ni vipimo, nikaona mara moja. Miaka 16 nimefundisha nikiamini hatua zote ni sawa. Mwalimu anatembeza fimbo kwenye ngazi bila kusema neno, na darasa linaimba fimbo inapogusa, akiruka kutoka do mpaka so, akirudi mi, akipanda la. Mkono wa kushoto unafanya ishara: ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, kidole gumba kinachoangalia chini ni fa, kidole cha shahada kinachoelekea juu ni ti, kinachotamani kufika do. Na akiuficha mkono mgongoni, hapo ndipo ule ukimya nilioukuta siku ya sare. Mkono ukiwa nyuma, wimbo unaendelea kichwani. Mkono ukitoka, sauti zinatoka.

Alitumia dakika tano hivi kuwaeleza ngazi ile ilitoka wapi: mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, aliyeanza kufundisha watoto kwa herufi za solfa katika karne ya 19, na mchungaji John Curwen aliyeichukua njia hiyo akaipanua kwa ajili ya shule za Jumapili na watu wasio na uwezo wa kununua vinanda. Kisha akauliza kwa nini wamisionari waliipenda. Binti mmoja akajibu kwamba d, r, m, f ni herufi za kawaida, kiwanda chochote cha uchapaji kinazo. Nilifikiria Kipalapala, hapo nje ya mji wetu, ambako vitabu vya dini vimechapwa miaka na miaka, na nikafikiria vitabu vya nyimbo nilivyokua navyo vikiwa na zile herufi juu ya maneno. Nilikuwa naziruka. Nilikuwa nazichukulia kama mapambo.

Kwaya nyingi za kwetu zina ugonjwa mmoja: tunaanza vizuri, tunamaliza tukiwa chini. Ukipiga kinanda mwishoni mwa wimbo unaona aibu. Mimi nilisema ni uvivu, nikasema ni njaa, nikawaambia wafunge mikanda. Kwenye darasa lile wimbo uliposhuka, mwalimu hakusema "mnashuka." Aligonga chuma, wakasikia wenyewe tofauti, halafu akauliza, "Imeanzia neno gani?" Mikono ikanyooka. Mmoja akasema mstari wa pili, mwingine akasema ni pale alto wanapopanda re kwenda mi. Wakaimba hapo peke yake, mara tatu, wakicheki na ngazi. Ni kweli. Tukipanda hatua kubwa tunaifupisha, tukishuka hatua ndogo tunairefusha, na kila deni dogo linajilimbikiza mpaka beti ya nne. Mi na ti ndizo zinazoibiwa zaidi. Nilinakili hayo kwenye daftari, nikayapigia mistari miwili.

Kuuliza ndio ufundi wake mkubwa. Katika alasiri sita nilimsikia akiimba mbele yao mara mbili tu. Muda mwingine ni maswali: nani amesikia besi wakichelewa, nani anajua kwa nini neno hili halieleweki, sauti gani ilikuwa nzuri kuliko yetu sote na kwa nini. Watoto wanajibu bila woga, hata kuwasahihisha wakubwa zao wa kidato cha sita, na wakubwa wanapokea. Kuna dakika 15 ambazo kila sauti inatoka na kiongozi wake, besi chini ya mwembe, alto varandani, na yeye anapita pole pole, mikono nyuma, anasikiliza tu. Kiongozi wa alto ni binti wa kidato cha tatu, mfupi, mkali. Nilimwona akiwasimamisha wenzake mara nne kwenye nota moja. Hakuna mtu mzima aliyekuwa karibu nao isipokuwa mimi, na mimi nilikatazwa kuimba.

Mazoezi ya kupasha sauti moto ni ya hapa hapa nyumbani. Anatumia majina ya mitaa yetu. Wanaanza na Ng'ambo, wakiikalia ile ng' muda mrefu, midomo wazi kidogo, sauti inazunguka puani na kichwani bila kulazimishwa koo. Kisha Ipuli, i-u-i, midomo inafunguka na kuchongoka. Kisha Isevya, kisha Cheyo, kisha Kanyenye kwa haraka, mara nane kwa pumzi moja. Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja ina sura yake moja. Mwalimu anasema kwaya ya Waswahili isiyosikika maneno imefanya uzembe wa kukusudia, na nakubaliana naye.

Jumanne ya pili ilikuwa siku ya mkazo wa maneno. Kijana mmoja wa kidato cha tano alikuwa ametunga wimbo mfupi wa kuusifu mji wetu, na kwenye pigo zito la kwanza aliweka "Ta" ya Tabora. Darasa likauimba. Kulikuwa na kitu kinachokwaruza, lakini sikuweza kukitaja. Mwalimu akauliza, "Makonda pale stendi wanaitaje?" Chumba kizima kikaita kwa pamoja, "Tabora! Tabora! Tabora!" na kila mtu akasikia kwamba uzito uko kwenye "bo". Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, hilo tulifundishwa wote darasani, lakini nani kati yetu watunzi analikumbuka akishika kalamu? Kijana akaisogeza "Ta" nyuma, ikawa nota fupi ya kuingilia kabla ya pigo, na "bo" ikakaa kwenye uzito wake. Wimbo ukanyooka. Nilirudi nyumbani nikatoa nyimbo zangu mwenyewe nilizotunga. Katika mmoja wapo nimewafanya watu waimbe "tunaKUomba" kwa miaka tisa. Nimeshaurekebisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa ajili yake peke yake ningerudia safari zote sita.

Alhamisi ya pili, kijana wa kidato cha pili, mrefu kupita umri wake, alikuwa akiimba na alto wenzake sauti ikakatika katikati, ikatoka mlio kama wa mlango. Darasa likacheka. Yule kijana akainamisha kichwa, akakusanya daftari lake kama mtu anayejiandaa kuondoka. Mwalimu hakuwakemea waliocheka. Alimwita mbele, akachukua daftari lake dogo lenye majina ya wavulana wote, na mbele ya kila jina kuna nota ya chini kabisa na ya juu kabisa ambayo kijana huyo aliifikia mwezi huo. Akamsikiliza pale pale, taratibu. Nota zilizokuwa salama zilikuwa tano tu. Akaandika ubaoni mstari mpya, wa nota tano zile zile, unaokwenda sambamba na wimbo. Kisha akawaambia wote, "Koo la mvulana linakua, nyuzi za sauti zinarefuka, sauti inashuka karibu oktava nzima, kama kutoka do ya juu mpaka do ya chini. Haijaharibika, inahama. Mtu anayehama hatupi vyombo vyake njiani." Akamwambia kijana, "Huu ndio mstari wako. Mwezi ujao tutaupima tena." Wakaimba wimbo wote. Mstari ule wa nota tano ulijaza pengo kati ya tenori na besi ambalo sikuwa nimeliona.

Mimi nimemlea mtoto wa marehemu dada yangu. Akiwa na miaka 11 aliimba soprano ambayo watu walikuwa wanatoka kigango kingine kuja kuisikiliza. Alipofika 14 sauti ikaanza kukatika, nikamwambia mbele ya kwaya nzima, "Baba, nyamaza kwanza mpaka sauti itulie." Nilisema kwa upole, nilidhani namlinda. Akanyamaza. Hakurudi tena kwenye kwaya, hata kanisani alianza kukaa nyuma. Sasa ana miaka 20, anaendesha bodaboda, kijiwe chake kiko Kanyenye. Jioni ile, nikitoka shuleni, nilimpigia simu anifuate. Njiani nilimweleza nilichokiona na nikamwomba msamaha, pikipiki ikiwa inakwenda, sikuweza kumwona uso. Akasema, "Mama mdogo, hayo ya zamani." Tulipofika nyumbani akauliza mstari ule wa nota tano ulikuwaje. Nikamwimbia. Akauimba, chini, kwa sauti ya besi ambayo nilikuwa siijui.

Wavulana wa kidato cha kwanza na cha pili tunawapoteza kwa namna hiyo kila mwaka, mkoa mzima, halafu tunalalamika kwamba kwaya zetu hazina tenori. Kama mwalimu wa kwaya atajifunza kitu kimoja tu kwenye benchi lile, basi liwe hilo daftari la wavulana.

Nimejaribu baadhi ya mambo kwa watu wangu 28. Ngazi nimeichora kwenye kitambaa cheupe cha futi sita, vipimo vile vile vya 20 na 10, naikunja naenda nayo. Wiki ya kwanza wazee wa besi walinung'unika kwamba wamerudishwa chekechea. Wiki ya pili mmoja wao, ambaye hajui kusoma maneno vizuri, alikuwa wa kwanza kusoma mstari mpya kwa solfa, na wengine wakatulia. Kuimba kichwani tumeweza mapigo manne, nane bado. Kabla ya haya nilipima kwa programu ya simu: kwenye wimbo wetu wa beti nne tulikuwa tunashuka nusu hatua nzima, kama ile ya fa na mi. Jumapili iliyopita beti tatu hatukushuka hata kidogo, ya nne tuliteleza kidogo sana. Niliyoshindwa ni kuwachanganya. Pale shuleni siku nyingine soprano anasimama kati ya besi na alto, kila mtu anabeba sauti yake peke yake. Kwangu nilijaribu mara moja, akina mama wawili wakatokwa machozi kwa kuchanganyikiwa, nikawarudisha kwenye mistari yao. Nitasubiri.

Sikuridhika na kila kitu, na niliyaeleza kwake kabla ya kuyaandika hapa. Mwandiko wake ubaoni ni mdogo, kutoka benchi la nyuma d na l huwezi kuzitofautisha. Karatasi za nyimbo zilikuwa 22 kwa watoto 61, watatu watatu wanagombea moja, na wa pembeni anaishia kukariri, jambo ambalo mwalimu mwenyewe analipiga vita. Anayechelewa anabaki nje hata kama alikuwa kwenye zamu ya kuteka maji. Niliona binti mmoja amesimama dirishani dakika 80, anaimba kwa midomo tu. Hilo liliniuma. Mtoto aliyekuwa anatumikia wenzake asiadhibiwe. Alinisikiliza, akasema sheria ikilegea kwa mmoja italegea kwa wote. Sikukubali, na bado sikubali.

Kubwa zaidi ni mwili. Watoto wanasimama wima kama nguzo za simu, mikono ubavuni, nyimbo nyingi za mtindo wa Ulaya. Hapa ni Tabora. Tuna kikundi cha ngoma cha Hiari ya Moyo, tuna nyimbo za kulimia, mtu anaongoza wengine wanaitikia na jembe ndilo linaloshika mapigo. Kule Ulyankulu, kwenye makazi yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa wakimbizi waliotoka Burundi, ilitoka Kwaya ya Barabara ya 13, na kanda zao tulizisikia nchi nzima. Nani aliwahi kuwasikiliza akabaki amesimama? Nilimwambia mwalimu, kwa heshima, kwamba anawafundisha watoto masikio na anawanyang'anya miguu. Akafikiri kidogo. "Mama, miguu ikitangulia inaficha makosa. Watu wanacheza, wanafurahi, na hakuna anayesikia kwamba alto haipo." Kuna ukweli hapo, nimeongoza kwaya za namna hiyo. Lakini ukweli huo si wote.

Nampa 8 kati ya 10. Mbili nimezipunguza kwa ajili ya miguu na yule binti wa dirishani. Mwenye kwaya ya kanisa, hasa anayefundisha kwa kukaririsha kama mimi, aende, na aende mara zote sita, maana siku moja utaona vituko tu vya mikono na fimbo. Anayetafuta wimbo mpya wa kushinda UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, asisumbuke. Pale wanaweza kukaa wiki nzima kwenye mistari minne. Benchi linakalisha watu wanne. Shule zitafunguliwa Januari, nami nimeshaomba nafasi mbili kwa viongozi wangu wa alto na besi.

Siku yangu ya sita ilikuwa Alhamisi, joto la kuchemka, mawingu ya kwanza ya mvua yamejikusanya upande wa Sikonge. Dakika 20 za mwisho mwalimu aliwaambia wampe wimbo wa nyumbani, wa mtu yeyote. Binti mmoja wa kidato cha kwanza akainua mkono. Alikuwa hajawahi kusema neno mbele yangu. Chuma siku hiyo kilikuwa mi. Akachukua do yake kimya kimya, akaanza wimbo wa Kinyamwezi ambao bibi yake huimba wakipura mahindi, na wenzake wakashika kiitikio, kwanza kwa sauti moja, halafu besi wakajitafutia nota yao bila kuambiwa, halafu alto. Mara ya tatu sakafu ikaanza. Sikuona nani alianza. Miguu 122 kwenye sementi yenye vumbi, benchi langu likatetemeka, na mwalimu hakunyanyua mkono kuwazuia.

Walipomaliza alikigonga chuma gotini, akakiweka nyuma ya sikio, akawaambia watoe mi. Wakaitoa, wakaishikilia. Alikaa hivyo muda mrefu, macho chini, anasikiliza.

"Mwalimu, tumeshuka?" binti yule akauliza.

"Hamjashuka." Akafungua daftari lake, akaandika mstari mmoja, akalifunga. "Rudieni. Na miguu."